Mrejesho: makovu ya hamira na protini ya Axl2

Wakuu, niliuliza kwa nini hamira yangu ya dukani inachipua ncha zote mbili, wakati kitabu kinasema chipukizi jipya huota kando ya kovu la zamani (alama inayobaki pale chipukizi lililotangulia lilipoachana na seli mama). Asanteni sana mlionijibu.

Aliyesema hamira ya mikate kwa kawaida si haploidi (seli yenye seti moja tu ya kromosomu, ambayo ndiyo kitabu kinaieleza) alipatia. Nilikuwa nalinganisha vitu visivyolingana. Msimamizi alinipa haploidi za maabara, nikazitia Calcofluor, rangi inayofanya makovu yang'ae, na chini ya hadubini makovu yakaonekana yamepangana bega kwa bega. Kisha nikaangalia zile zisizo na Axl2, protini inayopenya utando wa seli na kuweka alama ya mahali pa kuchipua. Zinagawanyika vizuri tu, ila zinachipua ncha zote mbili! Kumbe Axl2 haiamui kama seli igawanyike, inaamua wapi. Nilirudia mara tatu ndipo nikaamini.

Chs2 (kimeng'enya kinachojenga ukuta wa kutenganisha seli mama na chipukizi) yenye GFP, yaani iliyounganishwa na protini inayong'aa kijani ili ionekane, ndiyo imenishinda. Hukaa shingoni mwa chipukizi kwa dakika chache tu mwishoni mwa mgawanyiko, nami nilichukua sampuli ovyo. Ushauri wa kuzisimamisha seli kwanza kwa nokodazoli, dawa inayosimamisha mgawanyiko kwa muda, halafu kuziachia kwa pamoja, bado sijaujaribu, dawa haijafika.