Maumivu baada ya upasuaji wa kujifungua: mnapangaje dawa?

Sista_Iringa: Habari za kazi wakuu. Akina mama waliopasuliwa asubuhi kwa ganzi ya mgongoni wanatulia, kufika alasiri maumivu yanawashika ghafla. Chati inasema diklofenaki (dawa ya maumivu) "akiomba". Morfini, dawa kali ya maumivu, ipo kabatini ila wengi wanaiogopa. Mnapangaje?

Usingizi_Mbeya: Sista, tatizo ni hilo "akiomba". Ganzi ya bupivakaini, dawa inayochomwa mgongoni, huisha kwa saa 2 hadi 4, na maumivu yakishapanda hushuka kwa shida. Anza parasetamoli gramu 1 kabla ganzi haijaisha, kisha kila saa 6, usiku pia. Isizidi gramu 4 kwa siku. Aliye chini ya kilo 50 apewe miligramu 15 kwa kilo. Ongeza diklofenaki miligramu 75 kila saa 12, au ibuprofeni miligramu 400 kila saa 8 akishaanza kula. Hizo mbili usimpe kwa pamoja. Mwenye vidonda vya tumbo, anayevuja damu, au anayekojoa chini ya mililita 30 kwa saa asipewe hata moja, zinaweza kuzidisha kuvuja damu au kuumiza figo.

Muuguzi_Tukuyu: Morfini ina utaratibu wake. Miligramu 10 ijaze kwa maji ya chumvi hadi mililita 10. Choma mishipani mililita 2, subiri dakika 5, rudia mpaka apate nafuu. Tazama kusinzia kabla ya kuhesabu pumzi, maana kusinzia hutangulia. Anayelala katikati ya mazungumzo usimwongezee, hata akipumua mara 14 kwa dakika. Pumzi zikiwa chini ya 10 kwa dakika na haamki vizuri: oksijeni, mwite daktari, naloksoni (dawa inayozima nguvu ya morfini) mikrogramu 100, rudia kila dakika 2 au 3. Naloksoni huisha mapema kuliko morfini, kwa hiyo asiachwe peke yake. Kama naloksoni na oksijeni havipo karibu, usichome.

Halafu msiulize tu "unaumwa?" Mama zetu wa huku watajibu "sijambo" huku wamekunja ngumi. Mwambie akohoe, ageuke, ndipo uandike alama ya maumivu, 0 hadi 10. Asiyeweza kukohoa anaweza kupata nimonia. Na baridi hii ya Juni na Julai, mfunikeni blanketi mapema. Kutetemeka kunavuta mshono.

Sista_Iringa: Asanteni sana. Na anayenyonyesha?

Usingizi_Mbeya: Parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki hazina shida. Kodeini na tramadoli ziepuke: miili ya baadhi ya akina mama huzigeuza kwa kasi, mtoto akasinzia mno na pumzi zikapungua. Ukimpa morfini, iwe kidogo, na mwangalie mtoto kama ananyonya kwa nguvu.