Naomba ushauri: mataji ya Celtics na Lakers tuyahesabuje?
Wakuu, NBA (ligi ya kikapu ya Marekani) iko likizo lakini ubishi kijiweni umepamba moto. Celtics walifikisha mataji 18 mwaka 2024, Lakers wana 17. Mashabiki wa Celtics, timu ya Boston, wanataka yale 5 ambayo Lakers walibeba wakiwa mji wa Minneapolis yafutwe, maana Lakers walihamia Los Angeles 1960. Sawa, yabaki 12. Ila Bill Russell, nyota wa Celtics, naye alibeba 11 kati ya 1957 na 1969, na hadi 1961 ligi ilikuwa na timu 8 tu, leo ziko 30!

Fainali wamekutana mara 12, Celtics wameshinda 9. Ukianzia msimu wa 1979/80, mstari wa pointi tatu (ukifunga kutoka nje yake unapata pointi 3) ulipoingia, kibao kinageuka: Lakers mataji 11, Celtics 5.

Mwaka upi wa kuanzia ni wa haki, na kwa sababu gani?