Mrejesho: uhasibu au takwimu?

Wakuu, nimerudi. Niliuliza humu kama chuoni nisome uhasibu anaoutaka mzee, au takwimu ninazozipenda mimi. Kilichonisaidia ni ule ushauri mlionipa wa kusoma mtaala wa miaka yote 3, somo kwa somo, siyo jina la kozi tu. Uhasibu: nilipofika kwenye kodi na ukaguzi nikaanza kupiga miayo. Takwimu: nadharia ya uwezekano, uchaguzi wa sampuli, kuandika programu. Kalkulasi, yaani hesabu za jinsi vitu vinavyobadilika, ndiyo ilinitisha (bado inanitisha, sifichi). Nikaomba kuhudhuria mihadhara 2 ya takwimu, nikatoka na maswali badala ya usingizi. Mzee alinuna siku kadhaa, kisha akauliza kama kampuni za bima huajiri watu wa takwimu. Huajiri. Nimejaza takwimu chaguo la kwanza, uhasibu la pili.