Shingo ya besi ya zamani inanata: niikwangue vanishi yote?

Mwanatanga
Habari zenu, wakuu. Nina gitaa la besi, Fender Precision Bass ya mwaka 1973, niliyorithi kwa baba mdogo aliyeipiga miaka mingi katika bendi za dansi. Sauti yake sina la kuilalamikia, lakini nyuma ya shingo kuna vanishi nene inayong'aa kama kioo, na kwa joto la hapa Tanga, nikishapiga nyimbo mbili tu kiganja kinatoka jasho na kidole gumba kinagoma kuteleza. Seremala wa mtaani anasema ataikwangua yote hadi kwenye mbao, kisha aipake mafuta. Nifanyeje?

Besi Nzito
Mkubalie. Yangu niliikwangua hadi kwenye mbao, nikaipaka mafuta ya mbao yanayokauka mara tatu, na sasa mkono unapita kama juu ya hariri. Gitaa ni la kupigwa.

Fundi Nyuzi
Ndugu Mwanatanga, kabla hujamkabidhi seremala gitaa la baba yako mdogo, tenganisha unene wa vanishi na mng'ao wake, kwa sababu kinachokusumbua ni mng'ao. Uso ulio laini kama kioo hushikana na ngozi yenye jasho kila mahali, ilhali ukishapata mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, ngozi hugusa vilele vyake tu, na mkono huteleza.

Isitoshe, vanishi ya gitaa la mwaka huo ni poliesta, yaani plastiki ngumu, ambayo Fender walianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1960 badala ya nitroselulosi, vanishi ya zamani inayoyeyuka kwa thina. Thina hailainishi poliesta, kwa hiyo seremala atalazimika kutumia joto au kukwangua kwa nguvu, na akizidisha kidogo tu, shingo itapoteza umbo lake la mviringo, jambo ambalo hakuna mafuta yatakayolirekebisha. Thina yenyewe iwe mbali na uso wa kichwa cha gitaa, kwa kuwa mara nyingi sehemu hiyo yenye nembo iliendelea kupakwa nitroselulosi, na nembo ikiondoka hairudi.

Legeza nyuzi, ufungue zile skrubu nne na kuitoa shingo, kisha uzungushie utepe wa karatasi kwenye ubao wa freti (vile vyuma vya kubania nyuzi) na chini ya kichwa. Chukua msasa wa maji namba 800, uuloweshe kwa maji yenye tone la sabuni, usugue kwa kufuata urefu wa shingo, kamwe si kwa kukatiza upana wake, na usimame mara mng'ao unapofifia sawasawa. Malizia kwa namba 1000. Sufi ya chuma ya namba 0000 nayo inafaa (si stilwaya ya kusugulia masufuria!), ila isugulie mbali na mwili wa gitaa, maana sumaku za pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) huvuta vumbi lake lote.

Besi Nzito
Fundi, huo mng'ao si utarudi?

Fundi Nyuzi
Utarudi polepole, hasa pale gumba linapokaa, na utasugua tena kwa dakika tano, kwani poliesta ni nene ya kutosha. Mafuta nayo hudai kurudiwa, na mbao ya mepo (maple) ya shingo hiyo isiyozibwa vizuri hunyonya unyevu wa pwani hadi shingo ikapinda. Halafu kuna bei: wanunuzi wa magitaa ya miaka hiyo hukagua vanishi ya asili kabla hata ya kusikiliza sauti.

Mwanatanga
Nashukuru, wakuu. Nimetumia msasa wa 800 na 1000 jana jioni, kuanzia nyuma ya freti ya kwanza hadi ya 14, na leo nimepiga saa mbili bila kunata. Kisiginoni, yaani mwisho wa shingo unaoingia mwilini, baada ya kuitoa shingo, nimekuta mhuri wa tarehe ambao sikuwahi kuuona, nami nimeuacha bila kuugusa. Seremala nimemwambia aniundie kabati.