Mkufunzi amemwambia bibi yetu akapange viatu, na nyote mnamjua

Assalam alaykum, wanajukwaa. Naandika kabla sijavua hata buibui, kwa sababu nimetoka sasa hivi kwenye mafunzo ya waelekezaji wa kujitolea katika ile nyumba ya kale ya mawe hapa Lamu. Simtaji mkufunzi, maana kuanzia Mkomani hadi Langoni hakuna asiyemjua mtu ambaye akisema "tuanze", punda wa Manda husimama.

Tulikuwa tumesimama ndani, mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Bibi mmoja aliyezaliwa na kuolewa katika nyumba za namna hiyo alikuwa akiwaeleza vijana mahali bibi harusi alipokalishwa akatazamwa, na namna sahani za kaure zilivyopangwa ukutani. Mkufunzi akamwinulia kiganja na kumwambia: "Bibi, hayo hayamo kwenye karatasi. Tafadhali kaa mlangoni upange viatu vya wageni."

Viatu! Mama wa watu, mbele ya vijana aliowalea, anaambiwa akapange viatu!

Karatasi yenyewe inadai kwamba vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu wazee hawakujua kupima, ilhali hata mtoto wa fundi anajua kwamba upana wa chumba hufuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Lakini hilo naliacha. Nasema habari ya viatu. Bibi aliinuka, akajitanda mtandio wake vizuri, akaenda kukaa dakani, pale kwenye kibaraza cha mlangoni, bila kusema neno, na mkufunzi akaendelea kusoma karatasi yake kana kwamba amefukuza nzi.

Mwana wa Langoni: Pole sana, dada. Mimi aliniambia kwamba samaki wa kwenye birika la maji la nyumba ni pambo. Nilipomweleza kwamba huwekwa ili wale viluwiluwi vya mbu, alinitaka nilete ushahidi, na nilitamani kumletea mbu wenyewe, gunia zima.

Ami wa Ukutani: Binti yangu, kila mwezi unafungua uzi hapa. Mbona hukumjibu palepale mbele ya bibi, ukasubiri kuja kutupigia kelele sisi?

Aliyefungua uzi: Ami, shikamoo. Nilimjibu, akaniambia nami nikamsaidie bibi kupanga viatu.

Mmalindi Halisi: Nyinyi angalau mna kivuli. Huku Malindi tulifundishwa kwenye nguzo ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno, katika jua la saa saba, bila tone la maji, na mkufunzi wetu alisimulia mwaka 1498 kana kwamba mji ulizaliwa siku zile merikebu zilipotia nanga, wala hakugusia kwamba ni mfalme wa Malindi aliyempa mgeni huyo rubani wa kumvusha hadi India.

Mwana wa Langoni: Ndugu wa Malindi, nguzo yenu mgeni huitazama kwa dakika tano akaenda kuogelea. Sisi tunaeleza mji mzima, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na tunaueleza kwa kikombe kimoja cha chai.

Mmalindi Halisi: Nyinyi mlipewa chai?

Mama Kiwandani: Chai ilitolewa siku ya kwanza tu. Linaloniuma mimi ni cheti, kwa kuwa jina langu limeandikwa la kiume, na kila ninapokwenda kulirekebisha naambiwa mwenye muhuri amekwenda Mombasa.

Aliyefungua uzi: Ndugu zangu, nakuombeni turudi kwa bibi. Ameambiwa akapange viatu!

Ami wa Ukutani: Mama Kiwandani, hata changu kina kosa hilohilo. Mimi nimeandikwa Bi.

Mmalindi Halisi: Kumbe mlipewa na vyeti?

Mama Kiwandani: Ami, tukutane kesho baada ya alasiri twende pamoja, huenda mwenye muhuri amerudi.