Mrejesho: Ile nyumba ya Chanika ya milioni 65

Wakuu, habari za siku. Mwezi wa tatu niliuliza kama nyumba ya vyumba vinne vya kupangisha, Chanika, ni halali kuuzwa milioni 65. Ndiyo ingekuwa uwekezaji wangu wa kwanza. Mlinishauri nisishike bei ya dalali, niulize nyumba za jirani ziliuzwa kwa ngapi.

Nilifanya hivyo. Majirani wawili walinitajia bei walizopokea mkononi, zote chini ya milioni 50. Kisha nikamlipa mthamini aliyesajiliwa. Alithamini kiwanja peke yake, akapiga gharama ya kujenga nyumba kama ile leo, akatoa uchakavu. Ikaja milioni 48. Kilichonishtua ni kodi: kila chumba 60,000 kwa mwezi, yaani 2,880,000 kwa mwaka vikijaa vyote. Kwa milioni 65 ningesubiri zaidi ya miaka 22 hela irudi, kabla ya kupaka rangi hata ukuta mmoja!

Mwenye nyumba alishuka hadi 50. Nikakubali, nikashukuru Mungu sikutoa hata kishika uchumba, maana upekuzi wa hati ofisi ya ardhi ulionyesha nyumba iko rehani benki. Hakuwa amenigusia kabisa, na iliniuma.

Sasa tumekubaliana tukae sote watatu na benki, deni lilipwe kutoka kwenye hela yangu mbele ya wakili, rehani ifutwe, yeye achukue salio. Kikao ni wiki ijayo. Asanteni sana, ndugu zangu.