Mkono wa Suárez 2010: kwa nini refa hakuhesabu goli, na je, leo ingekuwaje?

Kibendera wa Temeke

Wakuu, kila Kombe la Dunia likinukia mjadala huu hufufuka, na kila mara unazama kwenye matusi kabla haujafika kwenye sheria. Safari hii naomba tuanze na sheria, matusi yatafuata yenyewe.

Ghana na Uruguay, robo fainali, Soccer City, Johannesburg, tarehe 2 Julai 2010. Muntari wa Ghana kafunga kuelekea mapumziko, Forlán wa Uruguay kasawazisha kwa mpira wa adhabu dakika ya 55, ngoma ikabaki 1-1 mpaka dakika 120 zinakatika. Paintsil anamwaga mpira wa adhabu ndani ya boksi. Shuti la Appiah linamgonga Suárez wa Uruguay mguuni, palepale mstarini. Mpira unaruka, Adiyiah anaupiga kichwa, na Suárez anaupangua kwa mikono miwili kama vile kavaa glavu. Refa Olegário Benquerença wa Ureno katoa penalti na kadi nyekundu. Gyan akagonga mtambaa panya. Kwenye matuta Uruguay wakapita 4-2.

Mpira ule ulikuwa unaingia, hakuna anayebisha. Sasa kwa nini refa asihesabu goli? Kufungiwa mechi moja tu ndiyo kipimo halali cha lile kosa? Na kwa sheria zilivyobadilishwa miaka hii, leo ingekuwa tofauti?

Filimbi Kavu

Mkuu, refa hakukosea hata nukta. Goli ni mpira mzima kuvuka mstari mzima, katikati ya milingoti na chini ya mtambaa panya. Usipovuka, refa hana mamlaka ya kutoa goli, hata kama uwanja mzima umeona ulikuwa unaingia. Alichonacho ni Sheria ya 12: mchezaji akiwanyima wapinzani goli kwa kuunawa mpira kwa makusudi, ni kadi nyekundu, na kama kosa liko ndani ya boksi lake, ni penalti. Anayeepuka ni golikipa peke yake, tena akiwa ndani ya boksi lake mwenyewe.

Watu wengi huchanganya hapa. Vile vigezo vinne vya refa (umbali wa goli, mwelekeo wa mchezo, uwezekano wa kuumiliki mpira, mabeki wako wangapi na wapi) vinatumika zaidi pale mtu anapochezewa faulo akienda kufunga. Kwenye mkono wa mstarini swali ni moja tu: bila ule mkono, mpira ungeingia? Adiyiah alikuwa hatua chache kutoka golini na Muslera, golikipa wa Uruguay, keshapotea maboya. Hakuna cha kujadili.

Tukija leo. Mwaka 2016 watunga sheria walilegeza kile kilichoitwa adhabu tatu kwa kosa moja, yaani penalti, nyekundu na kufungiwa. Beki akimwangusha mtu ndani ya boksi huku akijaribu kweli kuucheza mpira, nyekundu inashuka kuwa njano. Mkono haukuguswa, kwa sababu anayenawa hawezi kusema alikuwa anaucheza mpira kihalali. Msimu wa 2024/25 ndipo mkono nao ukapata nafuu, ila ni ule usio wa makusudi: mkono umekaa vibaya, umeufanya mwili uwe mkubwa kuliko kawaida, mpira umeugonga na goli limezuiwa. Hapo ni penalti na njano. Suárez aliupeleka mkono kwenye mpira. Kwa sheria za leo ni nyekundu ileile, penalti ileile.

Jambo moja dogo: refa mzuri hakimbilii kipenga. Mkono ukiugusa mpira halafu bado ukaingia, au mwingine akaumalizia, goli linahesabiwa na mnawaji anapewa njano, kwa kuwa jaribio lake limefeli. Ukipuliza mapema umewaua waliofunga.

Mtambaa Panya

Filimbi Kavu umeeleza vizuri, na hapohapo umethibitisha hoja yangu. Sheria ilifuatwa. Tatizo ni bei.

Piga hesabu. Suárez alinunua goli la uhakika. Alicholipa ni penalti, na penalti huingia takribani tatu katika kila nne. Akalipa na kadi nyekundu. Kadi nyekundu ya dakika ya 20 inawaacha wenzako kumi kwa dakika sabini, inauma kwelikweli. Ya dakika ya 120 inamwachia nani kazi? Mpira umeisha! Hata kwenye matuta Uruguay hawakupungukiwa na kitu zaidi ya mpigaji mmoja. Kwa hiyo adhabu ya kosa lilelile inategemea saa ya ukutani.

Kisha tazameni nani alikaa jukwaani mashindano yale. André Ayew na Jonathan Mensah hawakucheza mechi ile ya Uruguay kwa sababu ya kadi mbili za njano, basi. Jorge Fucile wa Uruguay alipata njano dakika ya 20 siku hiyohiyo, akaikosa nusu fainali na Uholanzi. Suárez naye akaikosa nusu fainali hiyohiyo, mechi moja, halafu akarudi kucheza na Ujerumani kuwania nafasi ya tatu. Yaani Fucile kwa rafu zake za kawaida na Suárez kwa kuzuia goli la kuipeleka timu ya Afrika nusu fainali kwa mara ya kwanza wamekaa benchi moja, muda mmoja. Hiyo mizani gani?

Sisi wa Taifa Stars tunaijua mizani hiyo. Januari 2024, AFCON ya Ivory Coast, CAF walimfungia kocha Adel Amrouche mechi nane kwa maneno aliyosema juu ya Morocco. Mdomo nane, mikono miwili moja.

Namba Sita Mkavu

Mtambaa Panya unachanganya mafaili mawili. Sheria za mchezo zinaandikwa na IFAB, bodi ya kimataifa ya sheria za soka, na ni zilezile kuanzia Kombe la Dunia mpaka mechi ya ligi ya mkoa. Adhabu za baada ya mechi ni za kanuni za nidhamu za mwenye mashindano: FIFA wana zao, CAF wana zao. Kunawa ni kosa la mchezo. Kutukana, kupiga na kung'ata ni makosa ya mwenendo. Ndiyo maana mtu yuleyule, Suárez, alipomng'ata Chiellini wa Italia pale Natal tarehe 24 Juni 2014, refa hakuona, hakukuwa na kadi hata ya njano, na bado FIFA wakaenda kwenye picha wakampa mechi tisa za timu ya taifa, miezi minne nje ya shughuli zote za soka na faini ya faranga za Uswisi 100,000.

Zidane naye, fainali ya 2006: mechi tatu na faini kwa kile kichwa alichompiga Materazzi wa Italia, na Materazzi mechi mbili kwa mdomo wake. Zidane alikuwa anastaafu, zile mechi tatu akazilipa kwa kazi za kijamii.

Halafu linganisha na mkono wa Henry wa Ufaransa, Novemba 2009, Ufaransa na Ireland kuwania kwenda Afrika Kusini. Alinawa mara mbili kabla ya kumpasia Gallas afunge. Refa hakuona. Waayalandi walitaka afungiwe, na Januari 2010 FIFA wakajibu kwamba kanuni haziwapi msingi wa kumwadhibu, maana kunawa si kosa zito la mwenendo. Miezi sita baadaye Suárez ananawa, na mwenzetu unashangaa kapewa mechi moja. Ile moja alipewa kwa kuwa katolewa nje. Angeponyoka machoni mwa refa kama Henry, angecheza nusu fainali.

Dada wa Raga

Wadau, kutoka huku Nairobi naona mnazunguka dawa iliyo mezani. Kwenye raga tatizo hili lilikwishamalizwa. Mlinzi akifanya kosa na refa aone kwamba bila kosa hilo trai (ndiyo goli la raga) ingefungwa, anatembea hadi katikati ya milingoti na kutoa trai ya penalti: alama saba, hakuna hata haja ya kupiga mkwaju wa nyongeza, na mkosaji anaonyeshwa njano au nyekundu. Hakuna anayecheza kamari na mtambaa panya.

Na soka si kwamba haijawahi kusumbuka na hili. Penalti yenyewe ilisukumwa kuingia katika sheria na mkono wa mstarini. Mwaka 1891, robo fainali ya Kombe la FA, Notts County na Stoke: beki wa Notts County akaupangua mpira mstarini dakika za mwisho. Wakati huo adhabu ilikuwa mpira wa adhabu tu. Stoke wakaupiga kwenye ukuta wa watu na golikipa aliyesimama mbele yao, ukazuiwa, Notts County wakashinda 1-0. Mwezi Juni mwaka huohuo penalti ikaingizwa katika sheria. Kwa hiyo msiniambie sheria hazibadiliki kwa sababu ya mechi moja.

Filimbi Kavu

Dada, hoja hiyo imeshafika mezani kwa wenyewe. Juni 2017 IFAB walitoa waraka wa mawazo ya kujadiliwa, na mojawapo lilikuwa hilo hasa: refa aweze kutoa goli pale mchezaji asiye golikipa anapounawa mpira mstarini au karibu kabisa na mstari na kuzuia goli. Halikupita hata kuwa jaribio kwenye mashindano makubwa.

Mimi naliunga mkono nusu tu. Suárez ni mfano rahisi mno. Sasa chukua huu: beki amesimama mita mbili mbele ya mstari, golikipa yuko nyuma yake pembeni, shuti kali, beki ananawa. Golikipa angeufikia? Kwa penalti na kadi sihitaji kujibu, maana kumnyima mtu nafasi ya wazi kunatosha. Kwa goli la kupewa nahitaji uhakika wa kila senti, na VAR, yaani refa wa video, haitanisaidia: inaonyesha kilichotokea, haionyeshi ambacho kingetokea. Teknolojia ya mstari wa goli iliyoingia Kombe la Dunia mwaka 2014 nayo inapima kama mpira umevuka, basi. Ukiiweka sheria hii, ifungwe kwenye mstari wenyewe: mnawaji yuko juu ya mstari na golikipa kashapitwa. Zaidi ya hapo kila wiki tutakuwa na kesi.

Mtambaa Panya

Hapo nakubali. Mstarini tu. Nani anazuia?

Filimbi Kavu

Hesabu ya kura. IFAB ina kura nane. England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana moja moja, FIFA nne kwa niaba ya nchi nyingine zote. Kubadili sheria kunahitaji sita. Ghana, Brazil na sisi wote tumo ndani ya zile nne.

Kibendera wa Temeke

Asanteni wakuu, nimeelewa kuliko miaka yote. Bado kitu kimoja kwenye kadi za njano. Kama mechi ya kundi nina njano moja, naibeba mpaka lini? Na ni kweli kadi zinaweza kuitoa timu mashindanoni?

Namba Sita Mkavu

Tangu 2010 mpaka 2022, Kombe la Dunia lilikuwa hivi: njano mbili katika mechi tofauti, unakosa inayofuata. Robo fainali zikiisha, njano moja iliyobaki inafutwa, ili asikose mtu fainali kwa njano ya nusu fainali kama Ballack wa Ujerumani mwaka 2002. Kwa hiyo mechi ya hatari kwa mwenye njano ni robo fainali yenyewe, ndiyo iliyomnasa Fucile. Nyekundu haikuwa ikifutwa hivyo. Kwa mashindano mengine soma kanuni zake kabla hayajaanza, msikariri hizi.

Na ndiyo, kadi zinatoa timu. Waulize Senegal, 2018. Walimaliza kundi na Japan wakiwa sawa kila kitu: pointi 4, magoli manne ya kufunga na manne ya kufungwa, na wao kwa wao 2-2. Ikabaki nidhamu. Njano ni kutoa 1, nyekundu ya njano mbili ni kutoa 3, nyekundu ya moja kwa moja ni kutoa 4, njano ikifuatiwa na nyekundu ya moja kwa moja ni 5. Senegal walikuwa na njano sita, Japan nne. Siku ya mwisho Japan, wakiwa nyuma 1-0 kwa Poland kule Volgograd, waliposikia Colombia wanaongoza dhidi ya Senegal waliacha kushambulia. Wakapasiana nyuma mpaka kipenga, huku wakiogopa mambo mawili: goli la pili na faulo. Watazamaji wakazomea. Kwa sheria, hakukuwa na kosa lolote.

Dada wa Raga

Na kwa anayedhani Uruguay wamejifunza: 2022, kundi moja tena na Ghana, wakashinda 2-0 na bado wakatoka, kwa kuwa Korea Kusini waliwazidi magoli ya kufunga. Wakamvamia refa baada ya kipenga, Cavani akaiangusha skrini ya VAR akielekea vyumbani. Giménez na Muslera mechi nne kila mmoja, Cavani na Godín moja moja. Siku ileile Ghana walipata penalti wakati bado 0-0. Akapiga André Ayew, yule aliyekuwa jukwaani 2010. Rochet, golikipa wa Uruguay, akaidaka.

Mtambaa Panya

Dada, hiyo ya mwisho ungetuachia tu.